Mzani si shahidi wa mazoezi

Kuna watu wanaoonewa kila wanapopanda mzani. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanakimbia na kikundi cha mtaani au wanalipia jimu, wamepakua programu ya simu inayojumlisha kalori za kila wanachokula, na bado baada ya miezi kadhaa suruali inabana kuliko ilivyobana mwanzo. Hukumu inayowasubiri ni moja kati ya mbili: ama wanakula kwa kujificha, ama hawajajituma vya kutosha, waongeze kilomita. Jirani anasema hivyo, mkufunzi wa jimu anasema hivyo kwa lugha ya kutia moyo, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anasema hivyo hivyo kwa mkato: punguza kula, fanya mazoezi. Hoja yangu ni kwamba hukumu hizo zimesimama juu ya kipimo kibovu. Mazoezi yana kazi kubwa katika afya na kazi ndogo katika kupunguza kilo. Hesabu ya kalori ni sahihi maabara na ni ramli jikoni kwetu. Anayetaka kujua kwa nini ananenepa ilhali anatoka jasho atapata jibu kwenye sufuria kabla hajalipata kwenye mashine ya kukimbilia.

Ushahidi wa kwanza umetoka hapa hapa nyumbani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya kwa Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Hawa ni watu ambao chakula chao hakiagizwi kwa simu: wanawake wanachimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa fimbo zilizochongwa ncha, wanaume wanawinda kwa upinde na kupasua miti kutafuta asali, na ubuyu unaliwa msimu wake ukifika. Mwanamume alikuwa akitembea kilomita 11 hivi kwa siku, mwanamke karibu 6. Watafiti waliwanywesha watu wazima 30 maji yenye atomi za haidrojeni na oksijeni zilizo nzito kuliko za kawaida, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa kuona atomi hizo zinavyotoka mwilini. Hiyo ndiyo njia ya kuaminika zaidi tuliyonayo ya kujua mtu anayeendelea na maisha yake ametumia nishati kiasi gani. Walitarajia kukuta Mhadzabe anachoma kalori nyingi kuliko karani wa Marekani anayeshinda kwenye kiti. Hawakukuta hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya siku nzima yalikuwa karibu sawa: wastani wa kalori 2,600 hivi kwa mwanamume na 1,900 kwa mwanamke.

Maelezo ya Pontzer, aliyoyapanua mwaka 2016 baada ya kupima mamia ya watu wa jamii tofauti, ni kwamba mwili una bajeti. Ukizoea kutumia nguvu nyingi kwenye mwendo, unabana matumizi kwingine: unapunguza uvimbe wa ndani usio na kazi, unashusha homoni za msongo, na unamfanya mwenye mwili akae muda mrefu zaidi jioni bila yeye kujua. Wapo wanasayansi wanaoona kwamba nadharia hiyo imevutwa kupita kiasi, nami nadhani wana haki ya kusema hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, wenye vipimo vya watu wazima 1,754, ulikuta kwamba mwili haufidii kila kitu. Kwa wastani hurudisha asilimia 28 hivi ya kalori zilizotumika kwenye shughuli, na wenye mafuta mengi mwilini hurudishiwa zaidi. Kwa hiyo mkimbiaji hafanyi kazi bure. Ila ona jinsi mambo yalivyopangwa: aliyekwisha nenepa, ambaye ndiye anayeambiwa akimbie zaidi, ndiye anayekatwa makato makubwa zaidi. Mwaka 2025 timu ya Pontzer ilirudi na vipimo vya watu zaidi ya 4,200 kutoka jamii 34, wakiwemo wawindaji, wafugaji, wakulima na watu wa miji tajiri, na hitimisho likawa kwamba kupungua kwa matumizi ya nishati kunaeleza sehemu ndogo tu ya unene wa dunia ya leo. Sehemu kubwa ni chakula.

Hata kabla ya fidia hiyo, hesabu yenyewe haimpendelei mkimbiaji. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori 350 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Jasho lote la alfajiri, basi, ni vijiko vitatu vya mafuta, navyo havijazi hata bakuli la kachumbari. Soda ya nusu lita inaondoka na zaidi ya nusu ya mbio hizo, tena inanywewa kwa dakika tatu papo hapo zinapoishia mbio, kwenye kibanda kilichojipanga pale kwa sababu mwenye nacho anajua biashara yake. Saa ya mkononi nayo inampongeza mkimbiaji kwa kalori ambazo huenda hakuzichoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu saa saba za aina hiyo mwaka 2017. Mapigo ya moyo karibu zote ziliyasoma vizuri, lakini kwenye kalori iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyoshika mkia asilimia 93. Mtu anayekula kwa kufuata saa ya namna hiyo anatumia mshahara ambao haujaingia benki.

Hapa ndipo mwenye msimamo mkali ananyanyua mkono. Nishati haiumbwi wala haipotei. Aliyenenepa ameingiza kuliko alivyotoa, mengine yote ni visingizio. Kanuni hiyo siipingi, na anayeipinga anapoteza muda wake. Lakini inaeleza kilichotokea bila kueleza kwa nini kimetokea. Ukiuliza kwa nini daladala limejaa, ukajibiwa kwamba walioingia ni wengi kuliko walioshuka, umeambiwa kweli tupu na hujajua lolote. Kuhusu kudanganya, utafiti mmoja wa New York uliochapishwa mwaka 1992 unastahili kusomwa na kila mwenye haraka ya kuhukumu. Ulikusanya watu wanene waliolalamika kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Watafiti walipima kasi ya miili yao wakaikuta ya kawaida, kisha wakalinganisha maelezo yao na vipimo vya kweli. Walikuwa wametaja chakula pungufu ya walichokula kwa wastani wa asilimia 47 na kukuza mazoezi yao kwa asilimia 51. Wengi hunukuu matokeo hayo kama ushahidi kwamba wanene ni waongo. Mimi nayasoma vingine. Watu hao walijua wanapimwa na walikuwa wakitafuta msaada. Kama mtu mwenye kila sababu ya kusema kweli anakosea kwa karibu nusu, tatizo limo katika zana aliyopewa, yaani kumbukumbu na kukisia kwa macho. Na wembamba nao, wakiulizwa walikula nini jana, hupunguza. Hakuna anayewashtaki kwa sababu mizani haiwashtaki.

Zana hiyo ya kuhesabu ina historia, na historia yake inaeleza kwa nini inatushinda sisi kuliko wengine. Namba tunazotumia mpaka leo, kalori 4 kwa gramu ya wanga au protini na 9 kwa gramu ya mafuta, zinatokana na kazi ya Wilbur Atwater wa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Ni wastani mzuri, lakini ni wastani. Chakula kile kile hutoa kiasi tofauti kutegemea kimesagwa, kimepikwa au kimetafunwa vipi. Mwaka 2012 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walionyesha kwamba lozi nzima humpa mlaji karibu robo pungufu ya kalori zinazoandikwa. Juu ya wastani huo ikaja pakiti yenye maandishi, na juu ya pakiti ikaja programu ya simu. Zote zinadhani kwamba mtu anakula peke yake, kutoka sahani yake, chakula alichokipima au kilichopimwa kiwandani. Familia inayokula pilau kwenye sinia moja iingize nini kwenye simu? Mchuzi wa nazi uliochotwa mara mbili na tui la kwanza likaongezwa mwishoni una kalori ngapi kwa upawa? Aliyekula kwa mama lishe kajua vipi kama maharage yameungwa kwa vijiko viwili vya mafuta au sita?

Tazama chapati. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati za kusukuma kama 12, na unga peke yake unaipa kila moja kalori 300 hivi. Kisha yanaingia mafuta: ya kukandia, ya kupaka kabla ya kukunja ili zichambuke, na ya kukaangia. Mpishi mmoja hutumia robo lita kwa kilo hiyo, mwingine nusu lita, na walaji humsifu wa pili. Robo lita ya mafuta ina kalori zaidi ya 2,000, hivyo tofauti kati ya wapishi hao wawili ni kalori 170 kwa kila chapati, ukiacha kidogo kinachobaki kwenye kikaango. Mtu akila mbili asubuhi, tofauti inafikia kalori 340. Ni zile zile kilomita 5 za alfajiri. Haionekani kwa macho, haionekani kwenye programu, ambayo inaandika tu "chapati 2", na mlaji hana kosa lolote isipokuwa kuwa na mpishi hodari. Sasa weka kando ya hilo hesabu nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Kuongezeka kilo moja kwa mwaka, kwa hesabu ya juu juu, ni ziada ya kalori 21 kwa siku, kijiko kimoja cha sukari na kidogo. Mwanadamu gani anayekula chakula cha kupikwa anaweza kuhesabu kwa usahihi wa kijiko kimoja cha sukari kwa siku? Nasema juu juu kwa sababu mwili ukiongezeka nao hula zaidi, hivyo ziada inabidi ikue ili uzito uendelee kupanda. Hata ukiizidisha mara tano, bado imo ndani ya kosa la chapati moja.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mifano hai. Mbona vijana wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na vitambi hurudi wamekauka? Mbona wakimbiaji wa Kaptagat na Iten hawana nyama uzembe? Wakimbiaji kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu kundi la wakimbiaji bora wa Kenya ulikuta kwamba karibu moja ya tano ya nishati yao ilitoka kwenye sukari tupu, nyingi yake ndani ya chai ya maziwa, na ugali ulibeba sehemu nyingine kubwa. Watu hao hukimbia kilomita nyingi kwa wiki, mara mbili au tatu kwa siku, na ndiyo kazi yao ya kutwa. Anayekimbia kilomita 15 kwa wiki asijilinganishe nao, na asiige chai yao. Kuhusu kambini, kuruta hachoki tu. Anakula sahani moja iliyopakuliwa na mtu mwingine, kwa saa zilizopangwa, na akitoka zamu hapati chipsi mayai ya kona. Jasho ndilo linalopewa sifa kwa sababu linaonekana, ilhali mpakuaji amefanya nusu ya kazi. Na anayesema basi watu waongeze tu makali atazame washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, ambao mtafiti Kevin Hall aliwafuatilia kwa miaka sita. Walifanya mazoezi ya saa nyingi kila siku mbele ya kamera, wakapungua makumi ya kilo, kisha wengi wakarudisha sehemu kubwa. Miaka sita baadaye miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa bado inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Hall huyo huyo alifanya jaribio lingine, la mwaka 2019, linalonishawishi kuliko yote. Watu 20 walifungiwa hospitalini kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Mezani kila mlo ulipangwa uwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi kwa viwango vilivyolingana, na kila mtu aliambiwa ale kadiri atakavyo. Walipokuwa kwenye vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua karibu kiasi hicho hicho. Utashi wao haukubadilika katikati ya mwezi. Kilichobadilika ni kilichokuwa sahanini. Dawa mpya za sindano zinasema jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Katika jaribio la semaglutide lililochapishwa mwaka 2021, washiriki wote 1,961 walishauriwa kupunguza kalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4 ya uzito wao baada ya wiki 68. Waliochomwa dawa, asilimia 14.9. Dawa haikimbii kwa niaba ya mtu. Inatuliza njaa. Ile asilimia 2.4 ndiyo thamani ya ushauri wetu wa kila siku, ukitolewa na wataalamu, kwa watu wenye nia.

Yako mambo mengine yanayopandisha mzani, nitayapita haraka. Anayeanza mazoezi huongeza maji na akiba ya wanga kwenye misuli, hivyo kilo moja au mbili za wiki za mwanzo si za kuhofia, ingawa kisingizio cha misuli hakiwezi kudumu mwaka mzima huku mshipi ukisogezwa tundu kwa tundu. Insulini, dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za sonona na sindano ya uzazi wa mpango huweza kuongeza uzito. Tezi ya shingo iliyozembea, pia. Mwenye shaka na hayo aende hospitali, wala asiache dawa kwa kusoma gazeti.

Linabaki swali linalowasumbua watu wa afya ya umma, nalo ni la haki: je, kusema haya hakutawafanya watu waache mazoezi? Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa ya mazoezi Tanzania nzima ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Sababu ilikuwepo: tafiti za demografia na afya zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo wakipanda kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015-16, na Kenya kutoka 25 mwaka 2008-09 hadi 33 mwaka 2014. Nadhani kinachowafukuza watu uwanjani ni ahadi ya uongo kuliko ukweli. Aliyeahidiwa kupungua kilo 10 kwa kukimbia, akaongezeka 2, haulaumu ushauri. Anajilaumu, kisha anaacha, na anapoteza faida ambazo hakuambiwa kwamba alikuwa anazipata. Jerry Morris alizionyesha faida hizo London mwaka 1953 kwa kulinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makonda wao. Konda alishinda akipanda na kushuka ngazi, dereva alishinda amekaa, na ugonjwa wa moyo uliwapata makonda kwa uchache zaidi. Wakosoaji walisema labda makonda walikuwa wembamba tangu mwanzo. Morris akachukua vipimo vya sare zao, akachapisha mwaka 1956: kweli, viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana zaidi. Lakini upana huo haukutosha kueleza tofauti ya vifo. Konda alikingwa na ngazi, awe na kiuno cha aina yoyote. Shinikizo la damu, sukari, usingizi, mifupa ya uzeeni, haya ndiyo ya kumwahidi mtu anayevaa raba. Na aliyekwisha pungua kwa njia nyingine ana sababu ya ziada ya kukimbia, kwa kuwa ushahidi unaonyesha mazoezi yana nguvu zaidi katika kuzuia kilo zisirudi kuliko katika kuziondoa.

Kuhusu chakula, kama lazima tuhesabu, tuhesabu kwa namna inayofanana na jinsi tunavyokula. Tuache sahani, tuhesabu dumu. Nyumba ya watu watano inayomaliza dumu la lita 5 za mafuta kwa mwezi inampa kila mtu kalori 275 hivi kwa siku kutoka kwenye mafuta hayo peke yake. Ikimaliza lita 3, inampa 165. Tofauti ya 110 kwa siku ni kubwa kuliko inayobaki mfukoni mwa wakimbiaji wengi wa wikiendi baada ya mwili kukata chake na soda kukata yake. Kipimo hiki nacho kina dosari: mafuta ya kukaangia hayaliwi yote, mtoto hali kama mtu mzima, wageni huja, na mlo wa mchana wa kazini haumo ndani yake. Lakini hakihitaji simu wala kumbukumbu, kinapimwa dukani siku ya kununua, na kinamfikia mtu ambaye ushauri wa mazoezi humruka kila siku. Katika nyumba nyingi mwenye saa ya kuhesabu hatua siye anayeshika mwiko. Baba anarudi kutoka uwanjani ameloa jasho, anakaa, anapakuliwa, na mama aliyepika hajaulizwa chochote na mtaalamu yeyote, ingawa ndiye aliyeamua kalori za watu watano kabla hawajaamka. Zahanati inayompima baba uzito imwite naye, na swali la kwanza liwe la lita.